Je, naweza kumpa binti yangu seli zangu aache insulini?

Swali

Shikamoo dokta. Naandika kutoka Newala, mkoani Mtwara. Binti yangu ana miaka 13 na ana kisukari aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 8. Anachoma insulini kila siku. Kwenye simu tumetumiwa habari za dada wa China aliyepandikizwa seli akaacha insulini, na za mwanamume wa Sweden aliyepandikizwa bila dawa za kushusha kinga, na kwamba Marekani wanatengeneza seli walinzi za kuzilinda seli zilizopandikizwa zisiuawe. Sasa kuna wakala anatupigia, anasema atatupeleka nje kwa tiba ya seli shina na kisukari kitakwisha kabisa. Mjomba wake mtoto yuko tayari tuuze sehemu ya shamba la mikorosho. Naomba kujua: mimi mama yake siwezi kutoa seli zangu akapewa? Hizo seli walinzi ni za kweli? Na tuuze shamba?

Jibu

Marahaba mama, na poleni sana. Nianze na la shamba, maana ndilo lenye haraka: msiuze. Hakuna tiba ya seli shina (seli changa zinazoweza kukuzwa ziwe seli za aina nyingine) iliyothibitishwa kumaliza kisukari aina ya kwanza kwa mtoto wa miaka 13, iwe India, China au Marekani, na anayekuahidi hivyo kwa simu hasemi kweli. Lakini habari tatu mlizotumiwa si za kutunga. Kila moja ina ukweli ndani yake, na zote zinahangaikia swali lilelile ulilouliza wewe: kwa nini mama asitoe tu seli zake?

Ndani ya kongosho kuna vikundi vidogo vya seli viitwavyo visiwa vya Langerhans, kwa jina la Paul Langerhans, Mjerumani aliyevieleza mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi. Mtu mzima ana takriban visiwa milioni moja. Humo ndimo zinamokaa seli beta, zinazotengeneza insulini. Kwa binti yako, seli za kinga ambazo kazi yake ni kupambana na vimelea ziliwageukia wenyeji: zikaua seli beta kidogokidogo, hadi zilizobaki zikashindwa kazi. Hakuna ulichompikia kilichosababisha hilo, si soda wala chai ya sukari, na hakuna aliyemloga. Nalisema wazi kwa sababu akina mama wengi wa kwetu Kusini hubebeshwa lawama hii, na si yao.

Sasa, unachotaka kumfanyia binti yako kimewahi kufanyika. Januari 2005, madaktari wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walimkata mama wa miaka 56 sehemu ya kongosho lake, wakavitoa visiwa vilivyomo na kuvimimina kwenye ini la binti yake wa miaka 27. Ini huchaguliwa kwa sababu lina damu nyingi, na visiwa vikipita kwenye mshipa mkubwa unaoliingia hunasa humo na kuanza kazi. Ndani ya wiki chache yule binti aliacha insulini.

Ukiishia hapo utasema basi, twende Japani. Ila kisukari cha yule binti hakikuwa cha aina ya kwanza. Kilitokana na kongosho lililovimba tangu utotoni hadi likaharibika, kwa hiyo kinga yake haikuwa na ugomvi wowote na seli beta. Na bado alilazimika kutumia dawa za kushusha kinga, kwa sababu seli za mama si sawa na za mwana. Karibu kila seli ina alama zake za utambulisho, ziitwazo alama za HLA. Mtoto hurithi nusu kwa mama na nusu kwa baba. Ile nusu ya alama zako ambayo binti yako hakuirithi, kinga yake itaiona ni ya mgeni na kuishambulia.

Je, kama alama zote zingefanana? Jibu tunalo kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Miaka ya 1980, daktari wa upasuaji David Sutherland na wenzake walichukua sehemu ya kongosho la pacha mzima wakampandikiza pacha wake mwenye kisukari aina ya kwanza, mapacha wanaofanana kabisa kwa damu na kwa jeni. Kwa kuwa alama ni zilezile, waliamini dawa za kushusha kinga hazingehitajika. Kweli, kiungo hakikukataliwa kama kitu cha mgeni. Lakini kisukari kilirudi. Walipochukua vipande vya kongosho lile na kuvitazama kwa hadubini, waliona kinga imeziua seli beta peke yake, na seli nyingine za kongosho hilohilo zimeachwa salama. Kinga ilikuwa haijasahau.

Kwangu mimi, huo ndio uchunguzi muhimu kuliko wote katika jambo hili, na ndio unaojibu swali lako. Binti yako ana matatizo mawili, si moja. Seli zako zingekataliwa kwa sababu ni za mtu mwingine, na hata zingekuwa zake mwenyewe zingeuawa kwa sababu ni seli beta. Zaidi ya hapo, wewe ungebaki na kongosho pungufu, na mtu aliyetoa sehemu ya kongosho anaweza naye kupata kisukari. Sitamshauri mama yeyote jambo hilo, ingawa naelewa kabisa moyo uliokufanya uulize.

Hapo ndipo habari ya dada wa China inapotaka kusomwa hadi mwisho. Watafiti walichukua seli zake mwenyewe, wakazirudisha kwa kemikali katika hali ya seli shina, wakazikuza ziwe visiwa vinavyotoa insulini, na kumpandikiza chini ya utando unaofunika misuli ya tumbo. Baada ya siku 75 hivi hakuhitaji tena sindano. Taarifa yao ilitoka mwaka 2024 na ni kazi kubwa kweli. Lakini dada huyo alikuwa amekwisha kupandikizwa ini kabla, na alikuwa akimeza dawa za kushusha kinga kwa ajili ya ini hilo. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kama kinga yake ingeziacha seli mpya ziishi bila dawa hizo. Ujumbe wa simu ulikata kipande hicho, na ndicho chenye uzito.

Unaweza kuuliza, kwani hizo dawa zina ubaya gani? Mwaka 2000, kundi la James Shapiro huko Edmonton, Kanada, lilitangaza kwamba wagonjwa 7 waliopandikizwa visiwa kutoka kwa watu waliofariki wote waliacha insulini, kwa kutumia mchanganyiko wa dawa usio na steroidi, zikiwemo takrolimusi na sirolimusi. Dunia ya kisukari ilishangilia. Kila mgonjwa alihitaji visiwa vya watu wawili au zaidi. Kundi hilohilo lilipowatazama wagonjwa wake baada ya miaka 5, ni kama mmoja tu katika kumi aliyekuwa bado hachomi insulini, ingawa wengi walibaki na seli kiasi zilizowaepusha na ile hali ya sukari kushuka ghafla hadi kuzimia. Takrolimusi yenyewe huumiza figo na huzisumbua hizohizo seli beta inazotakiwa kuzilinda. Mwaka 2025 zilichapishwa habari njema zaidi: kati ya watu 12 waliopewa dozi kamili ya visiwa vilivyokuzwa kutoka seli shina, 10 walikuwa hawahitaji insulini baada ya mwaka mmoja. Wote walitumia dawa za kushusha kinga.

Dawa hizo hunyamazisha kinga mwili mzima. Virusi, kifua kikuu, hata saratani, vyote hupata nafasi. Mtu mzima ambaye sukari humshuka usingizini bila dalili yoyote, akaamka hospitali au asiamke kabisa, anaweza kuona ni afadhali. Mtoto wa Newala anayeendelea vizuri kwa insulini hapaswi kuingizwa humo.

Ndiyo maana seli walinzi zinanipa matumaini kuliko dawa yoyote mpya ninayoisoma. Mwaka 1995, Mjapani Shimon Sakaguchi alionyesha kwamba katika seli za kinga ziitwazo seli T kuna kundi dogo ambalo kazi yake si kushambulia bali kuwazuia wenzao. Kwa jina la kitaalamu ni seli T dhibiti. Mwaka 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipata jeni iliyoharibika katika panya wanaozaliwa na kinga inayoshambulia mwili wao wenyewe, wakaiita FOXP3. Baadaye ikathibitika kwamba jeni hiyo ndiyo inayozifanya seli T dhibiti ziwe walinzi. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Na kuna watoto wa kiume wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni hiyohiyo. Ngozi yao huwaka, utumbo huharisha bila kukoma, na wengi hupata kisukari wakiwa bado wachanga. Bila walinzi hawa, kongosho ni miongoni mwa vitu vya kwanza kushambuliwa.

Namna wanavyofanya kazi, fikiria kelele za "mwizi!" zimepigwa sokoni na vijana wanamkimbilia mtu kwa mawe. Anatokea mzee anayeheshimika, anasimama mbele ya yule mtu na kusema, huyu namjua, ni wa kwetu. Hapigi mtu. Lakini vijana wanaangusha mawe, na hata waliokuja kwa hasira za jambo lingine wanapoa. Seli mlinzi ikikaa mahali, hunywa kemikali iitwayo intalukini-2 ambayo seli za mashambulizi huihitaji ili ziongezeke, huzivua seli za karibu ile ishara inayochochea mashambulizi, na humwaga kemikali za kutuliza. Mambo haya hutokea pale ilipo tu. Upande wa pili wa mwili, kinga inaendelea kupambana na malaria kama kawaida.

Majaribio ya kwanza kwa binadamu yalikuwa ya kuwaongeza walinzi tu. Mtu hutolewa damu, mashine huzitenga seli hizo, zinakuzwa maabara kwa wiki mbili hivi hadi ziwe mamia ya mamilioni au hata zaidi ya bilioni mbili, kisha anarudishiwa kwa dripu. Timu ya Jeffrey Bluestone huko California ilifanya hivyo kwa watu wazima 14 wenye kisukari aina ya kwanza na kutoa taarifa mwaka 2015. Hawakupata madhara makubwa kutokana na seli hizo, na kwa baadhi yao sehemu ya seli zilionekana bado zikizunguka kwenye damu baada ya mwaka mzima. Poland waliwajaribu watoto. Kwa waliopandikizwa figo, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliofanyika Ulaya na Marekani ulionyesha kwamba takriban wanne katika kumi waliopewa seli za kutuliza kinga, walinzi hawa wakiwemo, waliweza kupunguziwa dawa za kushusha kinga hadi kubaki na moja. Hayo ni maendeleo, lakini hakuna aliyepona kisukari. Kasoro yake ni kwamba walinzi hao walitawanyika mwili mzima bila kujua ni wapi hasa wanatakiwa.

Kwa hiyo hatua iliyofuata ni kuwaelekeza. Seli mlinzi huongezewa jeni ya kipokezi bandia, kilichotengenezwa ili kishike alama moja tu. Wagonjwa wa figo wamekwisha kuanza kupewa seli za namna hiyo tangu 2022. Kipokezi chao hutambua alama ya HLA iliyo kwenye figo ya mchangiaji na isiyokuwepo kwa mgonjwa. Habari mliyotumiwa kuhusu Marekani nadhani ni ya watafiti wa South Carolina na Florida, ambao wamechukua njia ninayoiona ya busara sana. Wanakuza seli beta kutoka seli shina, na katika hizo seli beta wanaweka kibandiko: protini iliyokatwa isiwe na kazi yoyote zaidi ya kuonekana. Halafu wanatengeneza walinzi ambao kipokezi chao kinakitafuta kibandiko hicho. Mlinzi anakwenda penye kibandiko na kukaa hapo.

Uzuri wake ni kwamba mlinzi akishaamshwa na kibandiko, hamuulizi anayeshambulia kwamba amekuja kwa sababu ipi. Anawatuliza wote walio karibu. Ina maana yale matatizo mawili, seli ni za mgeni na seli ni beta, yanaweza kuzuiwa na mlinzi yuleyule. Dawa za Edmonton hazikuweza hilo bila kuigusa kinga yote, na pacha mfadhili wa Minnesota hakuweza kabisa. Nawaombea wafike. Lakini kwa sasa matokeo ya njia hiyo ya kibandiko ni ya panya wa maabara, na panya wengi wamekwisha kupona kisukari bila binadamu kupona.

Mwanamume wa Sweden ni njia tofauti. Hapo hawakupeleka walinzi, walizificha seli. Walichukua visiwa vya mtu aliyefariki, wakaondoa kwa uhariri wa jeni zile alama za HLA, wakaongeza protini CD47 inayowaambia walaji wa seli "msiniguse", kisha Desemba 2024 wakazidunga kwenye msuli wa mkono wa mtu wa miaka 42 katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Uppsala. Hakupewa dawa yoyote ya kushusha kinga, na miezi iliyofuata seli zilizofichwa zilikuwa hai na zinatoa insulini. Ila dozi ilikuwa ndogo kwa makusudi, ya kupima usalama, na bado anachoma insulini yake. Binafsi njia hii inanipa wasiwasi kidogo: seli isiyoonekana na kinga, siku ikigeuka saratani au ikivamiwa na virusi, nani ataiona? Walinzi nao wana hatari yao. Wanaweza kupoteza tabia, FOXP3 ikazimika, mlinzi akageuka mshambuliaji. Ndiyo sababu watafiti wanakwenda taratibu, na wanafanya vyema.

Kuhusu gharama nitakueleza kwa mfano mmoja. Tiba ya kwanza ya seli T zilizowekewa kipokezi bandia, kwa ajili ya saratani ya damu ya watoto, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2017 iliuzwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja, kwa sababu kila mgonjwa hutengenezewa zake. Shamba lenu lote, na la jirani, havifiki hapo. Anayekuuzia kitu kama hicho kwa bei ya ekari chache za mikorosho anakuuzia kitu kingine. Mara nyingi ni seli za mafuta ya tumbo au za uboho zinazodungwa mshipani, na seli hizo hazigeuki kuwa seli beta kwa kudungwa tu.

Usidhani lakini kwamba mambo haya hayatafika kwetu. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017 na uboho mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma inapandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu. Wapo Watanzania wanaojua kwa vitendo maana ya kiungo kukataliwa. Visiwa vya kongosho bado havipandikizwi nchini.

Binti yako ana miaka 13. Tiba hizi zikikomaa atakuwa mtu mzima, na watakaozipata kwanza ni wale ambao figo, macho na moyo wao viko salama. Majaribio huwakataa wenye figo mbovu. Kwa hiyo apimwe mkojo kuangalia protini angalau mara moja kwa mwaka, macho vilevile, shinikizo la damu, na kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kila anapokwenda kliniki. Kama mnanunua insulini kwa fedha zenu, uliza hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo kuhusu huduma ya watoto inayoendeshwa pamoja na Chama cha Kisukari Tanzania. Upo mpango wa kuwapa watoto insulini na vipimo bila malipo.

Joto nalo. Kichupa kikishafunguliwa kinadumu kama wiki nne kikikaa mahali pasipozidi nyuzi 30, na chini ya bati mchana wa Novemba panazidi. Kama hamna friji, mtungi mdogo ndani ya mtungi mkubwa, mchanga mbichi katikati, juu kitambaa cha maji, uwekwe kivulini penye upepo. Kichupa kifungwe ndani ya mfuko kisilowe. Sukari yake ikiwa inapanda bila sababu, shuku kwanza kichupa kabla ya kumgombeza mtoto kwamba amekula kwa siri.

Na mtu yeyote, awe mganga, mchungaji, muuza virutubisho au wakala, akimwambia aache insulini hata kwa siku mbili, mwondoe hapo nyumbani. Kwa aina ya kwanza, kukosa insulini ni tindikali kujaa kwenye damu, kutapika, kupumua kwa nguvu, kisha kupoteza fahamu. Watoto wetu hufa hivyo.

Huyo wakala akipiga tena, mwambieni mambo mawili. Kwanza, utafiti halali haumtozi mgonjwa fedha ya tiba inayojaribiwa. Pili, awape namba ya usajili wa utafiti huo katika daftari la wazi la majaribio ya tiba, pamoja na barua ya kamati ya maadili iliyouidhinisha. Hapa kwetu jaribio lolote la tiba lazima lipite NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na nchi nyingine zina vyombo vyao. Akivitoa, nitumie nivisome kabla hamjamlipa hata nauli. Na mwonyesheni mjomba jibu hili kabla hajazungumza na mnunuzi.